Saa ya Wizi

Silabi ya mwisho ya jina lake ilidondoka asubuhi, wakati wa chai, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Sikudha, hebu nisogezee mihogo," Kibwana alisema, mkono ameunyoosha, macho kwenye kikombe.

Sikudhani alisogeza sahani. Alingoja kidogo, kama mtu aliyepiga hodi, kisha akauliza, "Umeniitaje?"

"Jina lako. Kwani siku hizi una jingine?"

Hakuwa akitania. Kibwana, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora nyayo za watu wote ukutani, alikuwa na masikio yanayocheza kabla utani haujatoka mdomoni, na asubuhi hiyo masikio yalikuwa yametulia tuli. Wengine waliendelea kupuliza chai. Sikudhani akalitamka jina lake kimoyomoyo, akalikuta bado zima, si, ku, dha, ni, ila ile ya mwisho ilikuwa imelegea kama jino.

Alijua maana yake. Kila aliyeingia Karakana ya Mviringo aliambiwa siku ya kwanza, na aliyemwambia yeye alikuwa Tungaraza, kiongozi wa timu, mwanamume mrefu anayezungumza kama mtu anayesoma kwa sauti barua ya mwenzake. "Bi Sikudhani," alimwambia, "hapa jina la mtu halitunzwi na mwenyewe. Linatunzwa na anayemwibia."

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila siku saa nne brashi zililazwa, chai ikamiminwa, timu ikakaa duara. Hiyo ndiyo waliyoiita Saa ya Wizi. Aliyekuwa amechukua chochote katika kazi ya mwenzake, iwe mstari, namna ya kuchovya rangi, swali, hata kosa, alisimama mbele ya mwenye mali, akamtaja kwa jina lake lote, akasema alichoiba. Mwizi hakuruhusiwa kushukuru. Aliyeibiwa ndiye aliyeshukuru. "Asante kwa kuniibia," alisema, kisha ilimlazimu kuuliza, "Umeifanyia nini?" Tungaraza alikuwa na maelezo yake juu ya hilo: mwizi akishukuru, mambo yamekwisha, kila mtu anarudi kwake, lakini mwenye mali akishukuru na kuuliza, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Na kweli yalianza. Walibishana kuhusu kidole kimoja cha mama aliyebeba maji mpaka chai ikaota ngozi.

Mtu ambaye haibiwi hatajwi, na jina lisilotajwa hukatika silabi moja moja kutoka nyuma. Mtu mwenyewe hafi. Mkono wake unaendelea kuchora, tumbo lake linaendelea kusikia njaa, ila siku moja hakuna wa kumwita, na siku nyingine hata akijiita mwenyewe hageuki. Timu ilikuwa na watu saba. Kila asubuhi walimimina vikombe vinane, na hakuna aliyeweza kusema cha nane kilikuwa cha nani, ingawa kilirudi kitupu.

Sasa tuseme ukweli. Sikudhani hakuja pale kujifunza. Alikuja kuwavunja. Kwa miaka thelathini alikuwa akisimama kwenye milango ya karakana za watu akiwapigia kelele wanagenzi waliokalia vigoda: ulizeni mnafichwa nini, ulizeni kwa nini mnasaga rangi mwaka wa sita na hamjaambiwa rangi ni nini. Alifukuzwa kwa maji machafu, alifukuzwa kwa heshima, alifukuzwa mara moja kwa kuombewa dua. Aliposikia kuna mahali watu wanaitana wezi huku wakicheka, aliona ni tusi lililotungwa kwa ajili yake. Kwa sababu yeye aliwahi kuitwa hivyo, na hakuna aliyecheka.

Hayo yalitokea alipokuwa na miaka kumi na minne, au tuseme miaka kumi na minne ndiyo iliyokuwa naye, kwani haikumwachia mpaka leo. Katika mji ule, ambao nao ulikuwa na majina mengi ukayapoteza, alikuwapo Fundi Makame, mchoraji wa nyuso, mzee mwenye kikohozi na pete ya fedha. Makame hakumfundisha mtu. Kazi yake aliitundika kwenye ukuta ule ule wa dirisha, ili mtu akichungulia kutoka nje asione kitu ila chumba kitupu. Lakini dirisha lilibaki wazi kidogo kwa ajili ya harufu ya tapentaini, na ng'ambo ya chumba, nyuma ya mgongo wa Makame, kulikuwa na kabati lenye kioo. Alichokificha ukutani, kioo kilikisema chote. Sikudhani alisimama chini ya dirisha lile miezi kumi na moja, pumzi ameibana, akijifunza uso wa binadamu kwenye kioo cha kabati.

Walipomkamata walimfunga brashi shingoni kwa uzi wa katani, wakampitisha sokoni mchana kweupe. Mwizi, mwizi. Na yeye, kichwa chini, alikuwa akijiuliza swali ambalo hajapata wa kumjibu: nimeiba nini, mbona mle ndani hakuna kilichopungua?

Nakumbuka, Makame. Nakumbuka pazia ulilopigilia kesho yake, la rangi ya ini. Nakumbuka aliyeshika uzi, na aliyeuza katani, na yule mama wa vitunguu aliyesema muachieni mtoto, kisha akarudi kuuza vitunguu. Sijasahau hata mmoja. Wakiniuliza mimi ni nani, nitawahesabia nyinyi, mmoja mmoja, na hesabu hiyo ndiyo mimi.

Kwa miaka kumi na moja mingine hakujua kwamba kioo hugeuza. Mkono wa kulia wa Makame aliuona kushoto, basi akachora kwa kushoto. Makame alianza kazi upande wa kushoto akaelekea kulia. Yeye akaanza kulia akaelekea kushoto. Mwanga wa Makame ulitoka kushoto, wake ukatoka kulia. Aligundua siku alipopeleka picha zake mbele ya bwana mmoja mwenye vyeti, naye akazitazama, akamtazama mkono, akasema, "Mama, hii umejifunzia kwenye kioo?" Chumba kizima kikacheka. Tangu siku hiyo hakuchora mbele ya macho ya mtu, na aliapa kitu cha pili: hataiba tena kamwe, hata kwa jicho. Kilichokuwa ndani yake kingebaki ndani yake, kibovu hivyo hivyo, chake.

Kwa hiyo walipompa kipande chake cha ukuta, jambo la kwanza alilofanya ni kutundika shuka. Misumari minne juu, shuka la maua lililopauka, na yeye ndani.

Hakuna aliyelivuta. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Ukuta wenyewe ulizunguka jengo zima, kwa nje, na jengo lilikuwa la duara. Juu yake ilichorwa picha moja tu: watu wanaokwenda. Wanaume, wanawake, wenye mizigo na wasio na mizigo, wote wakielekea kulia, kila mmoja akitazama kisogo cha aliyemtangulia. Timu ilichora ikielekea kulia vilevile, bega kwa bega, mwaka baada ya mwaka. Jua la pale halikuchomoza wala kuzama kama inavyotakiwa. Lilizunguka jengo kama mlinzi, likichubua rangi nyuma yao kwa kasi ile ile waliyopaka mbele. Kila walipokaribia mahali walipoanzia, pale pa kuanzia palikuwa pameshakwanyuka, ikabidi waendelee. Hakuna aliyekumbuka mwaka wa kwanza. Mtu akiuliza, alijibiwa kwamba kazi inakwenda vizuri.

Silabi ya pili ilidondoka siku ya upepo.

"Siku," Tungaraza alimwita kutoka upande wa pili wa duara.

Watu wawili walitazama juu, kama wanaokagua mawingu. "Siku gani?" aliuliza mmoja.

"Namwita huyu dada. Siku."

"Ah. Nikadhani imefika."

Sikudhani alijitafuta. Safari hii hata kimoyomoyo alizikuta mbili tu, na mahali pa zile nyingine palikuwa na ladha ya chuma. Baada ya chai alimfuata Tungaraza, ambaye alikuwa akiosha vikombe, vyote vinane.

"Likiisha jina, nitakuwa nani?"

"Utakuwa mchoraji mzuri sana," Tungaraza alisema, bila kejeli.

"Asiyejulikana na mtu."

"Na mkono wake pia utamsahau. Bi Siku, mimi sina uwezo wa kukuibia kwa huruma. Tumewahi kujaribu. Mwizi akiiba kwa huruma jina halishiki. Lazima mtu akitake kitu chako kwa tamaa."

"Mnataka nishushe shuka."

"Sijasema."

"Maisha yangu yote watu wamenifungia milango. Leo nina mlango wa kwanza wa kwangu mwenyewe, wa kitambaa, na mnataka niufungue."

Tungaraza alifuta kikombe cha nane muda mrefu kuliko vingine. "Mimi nashukuru umekuja nao," alisema. "Tangu ulipokuja tunazungumza juu ya jambo moja tusilolijua. Zamani tulikuwa tunazungumza juu ya yale tunayoyajua tu."

Je, kitu kinachojulikana na mtu mmoja kipo? Sikudhani aliligeuza swali hilo nyuma ya shuka siku tatu, au siku moja mara tatu. Nguvu ya Makame ilikuwa wapi: katika mkono wake, au katika pazia lake? Ukimwondolea Makame pazia, ukamweka sokoni achore mbele ya wauza vitunguu, angebaki Makame? Na mimi, ukiniondolea Makame, ukaniondolea pazia lile la rangi ya ini ninalolibeba kila mji kama bendera, ndani yake kuna nani anayechora? Alipaka rangi. Watu wake, kumi na mmoja, walikuwa wakija kutoka kulia, wamesimama katika majani marefu, nyuso zao nzuri mpaka zinaumiza, na hakuna kitu walichowahi kukiona zaidi ya maua yaliyopauka ya shuka.

Asubuhi iliyofuata alikuwa amebaki na silabi moja.

Na silabi yenyewe, masikini, ndiyo ile mbaya kuliko zote. "Si, chai yako," walisema wakimpa kikombe, na ikasikika kwamba chai si yake. "Si, kiti chako." Si kiti chako. Kila walipomwita walimkana, bila ubaya, kwa sauti za upole kabisa, na yeye alikaa pale akiwa hayupo, kikombe cha moto mkononi, akiona jinsi hata wao wanavyohangaika, jinsi midomo yao inavyotafuta kilichobaki.

Ndipo Hidaya aliposimama. Hidaya alikuwa mwanamke mkimya wa miaka thelathini hivi, mchoraji wa mstari wa mbele, yule ambaye mtu wake ndiye aliyetangulia watu wote ukutani. Alisimama mbele ya Sikudhani.

"Si," alianza, akakwama. "Dada. Jina lako lilikuwa refu. Nakumbuka urefu wake tu. Nimekuibia miguu."

Masikio ya Kibwana yalicheza. "Sasa atarudije nyumbani?"

"Shuka lako ni fupi," Hidaya aliendelea, uso ukimwaka. "Linaishia kwenye shavu la mguu. Nimekuwa nikiitazama miguu yako siku nyingi. Sisi sote tukichora tunahama kwenda kulia. Wewe unahama kwenda kushoto. Nikataka kujua mtu anayekwenda huko anaona nini. Nikajaribu."

Kwa hiyo walijua. Sikudhani alisikia chumba cha bwana mwenye vyeti kikicheka upya, kila kiti mahali pake.

"Mwizi," alisema.

Neno lilitoka na kikohozi ndani yake. Hakuwa na kikohozi. Kikohozi kile kilikuwa cha Makame.

Katika duara lile neno hilo lilitamkwa kila siku, lakini halijawahi kutamkwa hivyo, na Hidaya alishika shingo yake kama aliyefungwa kitu. Sikudhani akainuka, akaingia nyuma ya shuka. Alijikuta na msumari katikati ya meno na nyundo mkononi, akiinama kupigilia kipande kingine cha kitambaa chini, pale palipokuwa pafupi, na kitambaa hicho, sijui kilitoka wapi, kilikuwa cha rangi ya ini. Akautazama mkono ulioshika nyundo. Ulikuwa mnene, wenye madoa ya uzee, pete ya fedha imezama kwenye nyama ya kidole. Mkono wa kulia.

Aliutema msumari.

Miaka yote hii nilidhani nimesimama dirishani. Nani ameniingiza ndani? Nilipita mlango gani, na kwa nini hakuna aliyeniambia kwamba huku ndani mtu anaogopa kuliko kule nje?

Alipotoka chai ilikuwa bado ya moto, kwani saa ile ilikuwa na tabia ya kumsubiri mtu. Walikuwa wamekaa vilevile. Alisimama mbele ya Hidaya.

"Umeifanyia nini?"

"Hujasema asante," Kibwana alimkumbusha.

"Wewe nyamaza. Asante yangu siyo mihogo, uisogezewe tu. Nimemuuliza mwenzako. Umeifanyia nini miguu yangu?"

Hidaya alimshika mkono wa nguo, akamvuta mpaka mwisho wa msafara, yaani mbele yake. Pale, mbele ya mtu aliyewatangulia wote, Hidaya alikuwa amechora mwanamke mmoja aliyegeuka. Anatazama kushoto. Anawatazama wanaokuja. Katika ukuta mzima ulikuwa uso wa kwanza uliokabili uso, na yule mtangulizi, ambaye kwa miaka isiyohesabika hakuwa na cha kutazama ila ukuta mtupu, alionekana kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

Lakini uso wa yule mwanamke ulikuwa mbovu. Sikudhani aliuona ubovu kabla ya kuona uzuri, na mambo mengine yote yakamtoka kichwani.

"Hapa umeuburuta kama gunia," alisema. "Tazama hilo shavu. Ukienda upande huu brashi haivutwi. Inasukumwa. Na umekosea mkono. Lete huu."

"Wa kushoto?" Hidaya aliuliza kwa sauti ya chini.

"Una mwingine?"

"Ya Rabi," Kibwana alisema nyuma yao. "Sasa tutachorewa nyuso kwa mkono wa chooni."

"Mkono wako msafi umechora nyayo maisha yako yote, na nyayo zote zinaelekea mahali pamoja. Mimi ningekuwa wewe ningenyamaza, nikajifunza kitu."

Masikio yakacheza. "Haya, mama. Nimenyamaza."

Hidaya alichovya kwa kushoto. Rangi ikamwagika, ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Sikudhani alitafuta kitambaa huku, akatafuta kule, akasonya, kisha akaenda mbio mpaka kwenye kipande chake na kulivuta shuka. Misumari minne ikalia chini. Alikuwa amesharudi na kumfuta Hidaya kiwiko na nusu ya mkono kabla hajaelewa alichokifanya.

Watu sita walikuwa wakitazama ukuta wake.

Walikuwa wanakuja. Hivyo ndivyo unavyoweza kulisema. Wale kumi na mmoja walikuwa wanakuja kutoka upande ambao hakuna aliyewahi kutoka, na mwanga wao ulitoka kulia, na vivuli vyao vililala mbele yao kuelekea kushoto, kama vile vivuli vya msafara wa zamani vilivyolala mbele kuelekea kulia. Baina ya makundi mawili palikuwa na ukuta mtupu, hatua kama arobaini, upande ule wa jengo ambao hakuna aliyewahi kuufikiria kama kitu kimoja na huu.

Tungaraza ndiye aliyesema, polepole, kama kawaida yake, ila barua safari hii ilikuwa yake mwenyewe. "Tumekuwa tukiufukuza mwanzo. Mwanzo nao una kasi yetu ile ile. Jengo ni la duara, jamani, na sisi sote tunakwenda upande mmoja."

Kibwana alikaa chini, kwenye vumbi. "Miaka yote hii," alisema. "Na kila siku tunakunywa chai tumekaa duara." Kisha akakunja macho, akasogea mpaka pua ikakaribia ukuta. "Dada. Mbona hawa watu wako hawana miguu?"

"Wamo kwenye majani marefu."

"Wote?"

Angeweza kumjibu vibaya; jibu lilikuwa tayari mdomoni. "Kioo kilianzia kwenye magoti," alisema. "Chini yake kulikuwa na droo." Na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, na kwa kuwa kila mmoja alivuta kigoda badala ya kurudi kazini, akawaeleza. Dirisha, tapentaini, kabati, uzi wa katani, kioo kinachogeuza. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mwishoni, pale aliposema bwana mwenye vyeti mwenyewe alikuwa amevaa shati ndani nje. Hapo walicheka, na yeye pia alicheka, akashangaa kicheko kilikuwa kinakaa wapi.

Siku zilizofuata timu iligawanyika, nusu kulia, nusu kushoto, na nusu ya kushoto ilikuwa ya Sikudhani. Alifundisha kwa kufoka. Hakujua namna nyingine. Hakuna aliyewahi kumfundisha chochote ili aige namna ya kufundisha. Alipiga vidole, aliita watu magunia, alifuta kazi ya asubuhi nzima kwa kiganja. Lakini walimuuliza maswali, na maswali yalimfanyia jambo ambalo kufukuzwa hakujawahi kumfanyia.

"Kwa nini unabana pumzi kabla ya kugusa ukuta?" Hidaya alimuuliza.

"Sibani."

"Unabana. Kila mara. Na sisi tunabana, tumedhani ndiyo ufundi."

Aligeuka. Watu watatu walikuwa wamesimama na mashavu yaliyojaa, brashi hewani, wakisubiri ruhusa ya kupumua. Ikabidi aweke brashi chini. Miezi kumi na moja chini ya dirisha la Makame alibana pumzi asisikike, na pumzi ile iliingia katika mstari, ikawa mstari, na bila hiyo nyuso zake zisingekuwa na ule utulivu unaoumiza. Aliyejificha ndani yake alikuwa amechora zaidi ya aliyejifunza. Hakumsamehe Makame kwa hilo. Makame alibaki mahali pake katika hesabu, na mshika uzi, na muuza katani. Ila jioni hiyo, akitembea peke yake kando ya ukuta, alijikuta akikishukuru kioo, na fundi seremala yeyote yule aliyekitia kwenye kabati, na harufu kali ya tapentaini iliyolazimisha dirisha liachwe wazi. Na akamshukuru, bila kutaka, yule mama wa vitunguu, ambaye alisema maneno mawili tu na kurudi kwenye biashara yake, lakini aliyasema. Kumbe kumbukumbu yake ndefu ilikuwa na nafasi. Ilikuwa imehifadhi na hawa pia, pembeni, bila yeye kuwatazama.

"Sasa tupumue au tusipumue?" aliuliza mmoja wa wale watatu.

"Pumueni," alisema. "Anayetaka kubana abane, lakini ajue kwa nini."

Jina lilirudi bila kishindo. Hidaya alisimama saa nne, akamkabili, akafumba macho, akatafuta. "Siku," alisema. Akameza mate. "Sikudha." Kibwana alikuwa akimnong'oneza herufi zisizo sahihi kutoka nyuma, naye akampungia mkono anyamaze. Kisha likatoka lote, refu kama alivyolikumbuka. "Sikudhani. Nimekuibia miguu yako inayokwenda kushoto. Na pumzi nimeiba."

Neno lililotakiwa alilijua. Maisha yake yote ndilo neno alilowadai wengine. Watu waliangalia vikombe vyao kwa adabu.

"Asante," Sikudhani alisema, "kwa kuniibia." Na hakuna kilichopungua ndani yake. Alikagua. Kila kitu kilikuwapo, na kilikuwa zaidi.

Vivuli ndivyo vilivyokutana kwanza. Makundi mawili yalikuwa bado yameachana hatua nne, lakini kivuli cha mtangulizi wa kulia na kivuli cha mtangulizi wa kushoto viligusana vichwa katikati ya ukuta mtupu, na timu ikaacha kazi mchana mzima kuvitazama. Jua lilipofika pale, wanasema, lilisimama kidogo, likiwa limechanganyikiwa lichubue upande upi. Hidaya alitaka pengo lijazwe watu wanaoshikana mikono. Tungaraza alitaka liachwe. Walibishana vizuri sana, kwa siku kadhaa, na mpaka sasa wanabishana.

Sikudhani hakuingia katika ubishi huo. Alikuwa na kazi nyingine aliyoifanya mwishoni mwa kila siku, wengine wakiosha brashi: aliupita msafara wa zamani akiwa ameinama, akitazama nyayo za Kibwana moja moja, kwa muda mrefu, uso karibu na ukuta, bila kujificha. Kibwana alimwona. Kila mtu alimwona.

Asubuhi aliyosimama, duara zima lilimgeukia, kwa sababu hakuwahi kusimama.

"Kibwana," alisema. "Nimekuibia nyayo."

Masikio ya Kibwana hayakucheza. Aliweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye suruali, akainuka naye, kana kwamba mtu hawezi kuibiwa akiwa amekaa.

"Asante kwa kuniibia, Sikudhani," alisema. "Umezifanyia nini?"

"Nimewatoa watu wangu kwenye majani. Kumi wamesimama vizuri. Huyu wa kumi na moja amenishinda kisigino, nimekifuta mara tano. Nataka uje unionyeshe unaanzia wapi."